Majina ya viungo vya uzazi kwa Kiswahili ambayo mgonjwa anaelewa, nisaidieni

mkalimani_kyangwali

Habari zenu wapendwa, naomba msaada. Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, halafu pia natafsiri kwenye helthi senta moja huku Kyangwali, kambi ya wakimbizi Uganda, wagonjwa wengi ni Wakongo waliotoka Ituri, wasawo wetu, yaani madaktari, wanaongea Kiingereza na Runyoro basi mimi ndo nakaa katikati. Kiswahili changu nimekiokota Busia kwa shangazi, cha sokoni na cha stejini kinanitosha kabisa lakini tukifika mambo ya uzazi nakwama.

Wiki jana alikuja mama mmoja mtu mzima, damu inamtoka miezi mitatu haikati. Musawo akasoma karatasi ya skani akasema ni faibroidi, nikatafuta neno kwenye simu nikapata, nikamwambia mama una uvimbe kwenye mji wa mimba. Akanitazama akasema, mji gani mwanangu, mimi mji wangu ni Bunia na nimeukimbia. Nilishindwa kuendelea. Nikamshika mkono nikaweka mkono wangu kwenye tumbo lake chini ya kitovu, hapa mama, ndani hapa, ndo akaelewa.

Sasa inchaji amenipa kalamu na karatasi za kubandika, ile chati ya ukutani yenye picha ya mwanamke na mwanaume imeandikwa Kiingereza tupu, anataka niweke Kiswahili juu yake. Nataka niandike maneno ambayo mtu akisoma au akisomewa anajua ni wapi kwenye mwili wake. Ya mwanamke na ya mwanaume pia. Na wazee wa kiume wakiniona mimi binti wa miaka 24 wanasema tu "naumwa chini", sasa chini ni wapi jamani, goti pia liko chini.

midwaifu_Bwera

Dada hongera kwa kazi hiyo. Mimi nazalisha huku Bwera mpakani na Kongo mwaka wa 14 sasa, kina mama wa ng'ambo wanavuka kila siku kwa hiyo haya unayosema nimeyapitia yote.

Anza na hilo la mji. Neno ni sahihi, watu wa pwani wanalo, lakini huku kwetu mji ni mji wenye maduka. Sema kizazi, au nyumba ya mtoto. Wengi ninaowahudumia wanasema nyumba ya mtoto wanaelewa papo hapo, ila angalia, wapo wanaosikia hivyo wakafikiria kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto, ndo maana mi naongeza "ile inayobaki ndani yako". Halafu mwambie akunje ngumi. Kizazi cha mwanamke asiye na mimba kinakaribiana na ngumi yake, sentimita 7 au 8 hivi, na umbo ni la avokado, upande mnene juu upande mwembamba chini.

Huo upande mwembamba wa chini ndo mlango wa kizazi. Vitabu vingine vimeandika shingo ya kizazi, ni sawa tu, hata Kilatini chake maana yake ni shingo, na Waganda wanasema omumwa gwa nnabaana yaani mdomo wa kizazi. Shingo, mlango, mdomo, kitu ni hicho hicho kimoja. Mi nachagua mlango kwa sababu siku ya kuzaa tunapima unavyofunguka, mama mlango umefunguka sentimita 4, bado, mama umefika 10, haya sukuma, na shingo haifunguki ila mlango unafunguka. Mama akitaka kujua ukiguswa ukoje mwambie aguse ncha ya pua yake. Asiye na mimba mlango wake uko hivyo, mgumu kidogo. Akishika mimba unalainika unakuwa kama midomo.

Na neno mlango usiliache nyuma hata siku moja unapotafsiri saratani au chanjo. Ile chanjo ya wasichana wa miaka 10 ambayo serikali ilianza kuitoa nchi nzima 2015, watu huku walikuwa wanaiita kwa kifupi "chanjo ya kizazi". Umeona shida? Kufunga kizazi, kutoa kizazi, sasa chanjo ya kizazi, mzazi anasikia mwanangu anaenda kufungwa kizazi. Kuna baba alikuja kuwachukua binti zake wawili kwenye foleni kabisa, nikakaa naye chini ya mti nikamwambia mzee ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kuna kirusi kinaitwa HPV ndo kinaleta, tunamkinga mtoto kabla hajakutana nacho. Akanyamaza, akauliza maswali mawili matatu, akawarudisha kwenye foleni.

Mirija ya uzazi iandike mirija ya uzazi, hakuna shida, mtu yeyote wa huku aliyeona watu wameuzunguka mtungi wa pombe ya malwa wanainyonya anaujua mrija. Ya tumboni ni miwili, kulia na kushoto, kama sentimita 10 kila mmoja. Utakuta pengine wameandika mirija ya falopio, huyo Falloppio alikuwa daktari wa Italia wa miaka ya 1500 aliyeieleza, mgonjwa hamhitaji. Mrija ukishaeleweka unaweza kumweleza mama mimba iliyotunga nje ya kizazi bila kuhangaika, kwamba yai limekwama kwenye mrija, mtoto anakua mahali pasipo nafasi, mrija utapasuka damu imwagike tumboni. Anaelewa kwa nini anapandishwa ambulensi usiku huu na sio kesho asubuhi.

Mwisho wa kila mrija kuna ovari. Wengine wanasema vifuko vya mayai. Andika yote mawili.

Abuu_Bombo

Mimi naheshimu sana kazi zenu lakini naomba tukumbuke adabu. Helthi senta wanakuja watoto, wazee, mama mkwe na mkwe wake benchi moja, sasa ukutani uandike uume, uke, korodani kwa herufi kubwa? Lugha yetu ina staha, tuna neno sehemu za siri na linatosha, musawo akiwa peke yake na mgonjwa ndo aulize zaidi.

afande_mstaafu

Ndugu yangu Abuu nakuheshimu ila acha nikueleze kitu kilichonipata, nimekaa nacho miaka mingi sijakiandika popote.

Mtoto wa marehemu kaka yangu nilikuwa nakaa naye mimi kwota za kambini, ana miaka 15, usiku kama saa tisa akaanza kulia tumbo tumbo tumbo. Nikamuuliza tumbo wapi akaweka mkono chini hapa karibu na kinena, mke wangu yuko pale, dada zake wako pale, kijana hakusema neno lingine. Asubuhi tukampeleka hospitali, sitaitaja, aliyempokea alikuwa nesi wa kike, rika la mama yake, kijana akasema tumbo, wakampima malaria wakampa dawa za minyoo na za maumivu tukarudi nyumbani. Anatapika. Hawezi kutembea vizuri, anatembea amepanua miguu na mimi askari mzima sikuelewa maana yake. Jioni ndo nikamkuta bafuni analia, nikamwambia vua nione, korodani ya kushoto imevimba imekuwa nyekundu imepanda juu, ukigusa anaruka.

Tukakimbia tena, safari hii daktari wa upasuaji akanieleza, akasema afande korodani inaning'inia kwenye kamba yake yenye mishipa ya damu, kamba ikijisokota damu inakatika, inatokea sana kwa vijana wa umri huu, mkiwahi ndani ya saa sita mara nyingi tunaiokoa. Yetu ilikuwa saa kumi na sita. Wakaitoa, wakaishona ile nyingine isije nayo kujisokota.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hukusema. Akaniambia baba, sikujua niseme nini. Pumbu ni tusi, ukisema shuleni unachapwa. Kende wanasema wazee, ni matusi pia. Korodani aliisikia kwenye somo lakini hakuwa na uhakika ndo hiyo. Sehemu za siri akaona aibu. Akabaki na tumbo. Kwa hiyo Abuu kijana wangu alikuwa na adabu, adabu tulimfundisha sisi, na neno hatukumpa.

Leo ana watoto wawili, korodani moja inatosha kuzaa, nasema hili kwa mzazi anayesoma mwenye mtoto wa hivyo asikate tamaa. Lakini dada wa Kyangwali andika KORODANI kubwa kabisa, na uandike chini, ikiuma ghafla njoo sasa hivi hata usiku.

Abuu_Bombo

Inna lillahi. Pole sana afande. Kwa hili nimekuelewa.

mwl_Koboko

Nafundisha Kiswahili sekondari, naomba niongeze kidogo kuhusu adabu ya maneno yenyewe maana Abuu ana hoja na wala asione kashindwa.

Uke na uume ni maneno safi. Uke umetoka kwenye -ke ile ya mwanamke, uume kwenye -ume ya mwanaume, yaani ni kama kusema hali ya kike na hali ya kiume, lugha yenyewe imeshaweka staha ndani. Yale mengine ya mtaani hatuyaandiki ukutani. Lakini mgonjwa akiyatumia kwa sababu ndiyo anayoyajua, mkalimani usimkunjie uso, mjibu kwa neno safi taratibu naye atalifuata. Shida ya sehemu za siri ni kwamba ni jina la eneo zima, ni sawa na mtu akuambie anakaa West Nile unapotaka kumpelekea mzigo mlangoni.

Kingine, ukiandika uke usiishie hapo. Wagonjwa wengi wanasema "njia ya mkojo" kwa kila kitu, na mwanamke ana matundu matatu, la mkojo, uke, na la haja kubwa. Anayewashwa ukeni na anayeumwa akikojoa hawana ugonjwa mmoja lazima.

Baraza la mawaziri Julai 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na katiba ilikwishakitaja tangu marekebisho ya 2005, lakini chati za ukutani bado Kiingereza tupu. Kalamu yako na karatasi zako dada ni kazi ya taifa.

mama_wawili_Jinja

Nimesoma kimyakimya lakini naomba niseme hili kwa wakalimani wote.

Mimba yangu ya pili ilitoka yenyewe, ya miezi mitatu. Nilikuwa naitaka ile mimba, nilishanunua hadi shuka la mtoto. Nilikuwa mbali na nyumbani, hospitali niliyopelekwa hakuna aliyejua Lusoga, wakamwita dada mmoja wa usafi anatafsiri Kiswahili. Daktari ameandika kwenye fomu neno la Kiingereza, aborsheni haijakamilika, na kumbe kwao madaktari hilo neno ni moja kwa iliyotoka yenyewe na kwa iliyotolewa. Yule dada akaniambia mbele ya mume wangu, "wanasema umetoa mimba lakini haijaisha yote."

Mume wangu hakusema kitu. Alitoka nje. Alirudi usiku. Miezi na miezi nilikuwa namwapia, hadi musawo mwingine huku nyumbani akamweleza vizuri.

Mimba kutoka, mimba kuharibika, hiyo ni moja. Kutoa mimba ni nyingine kabisa, na nchi hii ni kesi. Herufi mbili tu, imetoka na umetoa. Tafadhali kama hujui ilikuwa ipi sema "mimba imeharibika na kuna mabaki bado yako ndani, wanataka kuyasafisha."

mkalimani_kyangwali

Mama pole sana, machozi yamenitoka. Nimeiandika kwenye daftari langu ukurasa wa kwanza.

Afande nimeandika korodani kubwa kama ulivyosema.

Naomba upande wa wanaume mtu anisaidie zaidi. Leo kaja mzee anasema "nguvu za kiume hazipo", nikatafsiri kwamba hawezi tendo, musawo akaanza kumuuliza kuhusu sukari na presha na dawa anazokunywa, nusu saa, kumbe mzee anaweza vizuri kabisa ila mke wa pili hashiki mimba.

kliniki_Busia

Mimi klinikal ofisa, karibu Busia tena dada.

Hilo la nguvu za kiume linatusumbua wote. Watu wametia mambo mawili kwenye gunia moja. Kuna kusimama kwa uume, na kuna mbegu. Mwanaume anaweza kuwa imara kila usiku na mbegu hana hata moja, na mwingine kusimama kunamshinda lakini mbegu zake ni nzima. Usitafsiri nguvu za kiume kabla hujauliza, mzee, tatizo ni kusimama au ni mtoto kutopatikana? Na usije ukatumia hanithi, hilo ni tusi. Tasa pia liache, kila mara linamwangukia mwanamke hata kama mume hajapimwa. Sema "bado hawajapata mtoto, tunatafuta sababu kwa wote wawili."

Mbegu na manii navyo tenganisha. Manii ni yale maji yote, mbegu ni vile vidudu vidogo vinavyoogelea ndani yake, huvioni bila darubini. Mbegu zinatengenezwa korodanini, kama miezi miwili na nusu hivi toka kuanza mpaka kukomaa, halafu zinapita kwenye mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, ukiunyoosha unafika kama mita 6, fikiria. Lakini maji yenyewe karibu yote yanatoka juu, kwenye tezi. Hii ukiielewa unaweza kumweleza mwanaume kufunga mirija ya mbegu bila yeye kukimbia. Wanaume wanasikia kuhasiwa, kama ng'ombe dume. Mwambie korodani haziguswi, zinabaki na kazi yake, uume unasimama kama zamani, manii yanatoka kama zamani, kilichofungwa ni kinjia cha mbegu tu. Nimewaona wanaume uso unabadilika wakisikia hivyo, wengine wanarudi na mke wiki inayofuata.

Tezi dume. Hapo utasikia "mimi sina tezi dume", "baba alikufa na tezi dume". Neno la kiungo limegeuka jina la ugonjwa. Kila mwanaume anayo, iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, ndo maana ikivimba uzeeni mkojo unakatakata na usiku anaamka mara tano. Kuvimba sio lazima iwe saratani. Tafsiri hivi: tezi dume yako imekua, tunataka kujua kwa nini.

Busha na ngiri usichanganye. Busha ni maji yamejaa kwenye mfuko wa korodani. Ngiri ni utumbo umeshuka kupitia kinena, unaweza kufika hadi mfukoni humo humo na kwa nje vinafanana, ila ngiri ikibana utumbo ni upasuaji wa haraka. Mgonjwa akikwambia busha mwambie musawo "mfuko umevimba", aangalie mwenyewe.

Govi liandike pia, tuna tohara za bure mara kwa mara na kwa Wagisu kila mwaka wa namba shufwa ni msimu, hilo neno wanalijua wote.

midwaifu_Bwera

Kliniki asante, hiyo ya tezi dume naichukua.

Dada bado hujauliza kimoja na najua hujauliza kwa sababu ya aibu au kwa sababu kwenye chati yenyewe wamekiruka. Kinembe. Kiandike. Nchi hii ina sheria tangu 2010 inayokataza kukeketa, kule Kapchorwa na kwa Wapokot bado mabinti wanapelekwa kwa siri, sasa utamwambiaje mtu asikate kitu ambacho hujawahi kukitaja jina.

mkalimani_kyangwali

Nimemaliza leo jioni. Upande wa mwanamke nimeandika kizazi na chini yake nyumba ya mtoto, mlango wa kizazi, mirija ya uzazi, ovari na chini yake vifuko vya mayai, uke, tundu la mkojo, mashavu ya uke. Upande wa mwanaume uume, govi, korodani, mfuko wa korodani, mirija ya mbegu, tezi dume, kibofu. Kinembe hakikuwa kwenye picha kweli, nikachora mshale mwenyewe kwa kalamu nikaandika. Inchaji akasimama akaangalia muda mrefu, akauliza nani kakwambia uweke hicho, nikamwambia midwaifu wa Bwera. Akasema basi kiache.

Yule mama wa Bunia alikuja kuchukua dawa za kuongeza damu, ana tarehe ya upasuaji hospitali ya wilaya. Akaniomba nimsomee chati. Nikamsomea, akakunja ngumi yake akaiweka pale kwenye picha ya kizazi, akauliza na uvimbe wangu uko wapi hapo. Nikamwonyesha kwa kidole.